Mwaka Baba Alipokataa Kusaini

Kiyoyozi kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa kina harufu yake: vumbi lililolowa, na nyuma yake kitu kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Wiki iliyopita niliwasha kimoja kwenye chumba cha mikutano cha ofisi yetu hapa Nairobi. Pumzi yake ya kwanza ikanipiga usoni, na papo hapo nikawa tena mtaa wa Najma, Doha, nina miaka minane, nimelala kifudifudi kwenye zulia nikiwasikiliza watu wazima wakiuza wachezaji. Wenzangu walikuwa wananiuliza jambo kuhusu bajeti. Niliwaomba wanipe dakika moja.

Nitaisimulia hadithi hii jinsi ninavyoijua mimi, maana upande wa Baba wana yao. Shangazi yangu mkubwa huitoa kila tukikutana harusini au matangani: kwamba Doha tulikuwa tunakula vizuri, kwamba ndugu yake alikuwa na kazi ya heshima, na kwamba mtoto mmoja asiyejua kufunga mdomo ndiye aliyeturudisha Kenya. Mtoto huyo ni mimi. Shangazi nampenda, lakini kwa hili amekosea, na hata akinikuta nina mvi nitamwambia amekosea.

Baba alikuwa msimamizi wa mafundi wa viyoyozi katika kampuni moja ya matengenezo. Mji ule bila viyoyozi hauwezekani, kwa hiyo mimi niliamini kwamba bila Baba mji wenyewe haungewezekana. Tuliishi ghorofa ya pili, vyumba viwili, juu ya duka la kutengeneza simu. Mama alikuwa mapokezi kwa daktari wa meno kule Abu Hamour. Vibali vyetu vya kuishi, cha Mama na changu, vilikuwa chini ya jina la Baba, na cha Baba kilikuwa chini ya kampuni. Hilo nililijua kama nilivyojua rangi ya mlango wetu, yaani bila kulifikiria.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Asubuhi tulikwenda kanisani, na tukirudi tulimkuta Anko Simiyu ameshafika. Hakuwa anko wa damu. Alikuwa mlinzi katika jengo la maduka, ametoka Bungoma kama sisi, na aliishi kwenye kambi ya wafanyakazi, chumba cha watu wanane, ndiyo maana kwetu alikuwa akivua viatu na kunyoosha miguu mpaka katikati ya sebule. Baadaye kidogo, baada ya swala ya Ijumaa, aliingia Anko Kato, dereva kutoka Uganda, na mfuko wa samaki alionunua Al Wakrah alfajiri. Mama alisonga ugali wa unga uliokuja kwenye sanduku la mtu fulani aliyetoka likizo. Tukishakula na kunawa mikono, biashara ilianza.

Ulikuwa msimu wa dirisha la uhamisho kule Uingereza, na kila siku dirisha lilipokaribia kufungwa sauti zilipanda.

"Yule winga mimi namuuza leo hii hii," Baba alisema siku moja, akipiga goti lake kofi.

"Umuuzie nani?" Anko Kato akacheka. "Goti lake limekwisha, ssebo. Utampeleka hospitali au kwa timu?"

"Wachina watamchukua. Wale hawaangalii goti."

"Na ukishamuuza unaleta nani?" Anko Simiyu akauliza.

"Beki wa kati. Wawili."

"Wewe kila mwaka ni mabeki wawili! Mtu wa kufunga je? Acha hizo bana."

"Sikiliza, Simiyu. Mkataba wa huyu winga umebaki mwaka mmoja. Akikataa kusaini mwingine, mwaka kesho anaondoka bure, mchezaji huru, na sisi tunabaki tumekodoa macho. Mchezaji mwenye akili hasaini haraka. Anawaacha wamtafute. Akijua thamani yake, wao ndio watakaotoka jasho."

Maneno hayo Baba aliyasema kila Ijumaa, na kila Ijumaa kidole chake cha shahada kilikuwa juu. Mimi niliyashika kama nilivyoshika Baba Yetu.

Sasa niambie, mtoto wa miaka minane angeelewa nini? Walisema "namuuza", hawakusema "ningemuuza". Walisema "sisi tunahitaji beki". Simu zao zilikuwa zinalia, wanatazama, wanapiga kelele: "Ameenda! Nilisema ataenda!" Nikaelewa kwamba biashara ile ilifanyika pale kwetu, sebuleni Najma, kati ya mifupa ya samaki na remoti. Baba siku sita anatengeneza viyoyozi, ya saba anauza wachezaji wa Uingereza. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Nikalitangaza shuleni. Darasani nilikuwa na rafiki Msudani, Rayan, ambaye kaka yake alimpenda straika mmoja kupita kiasi. Rayan akanituma kwa unyenyekevu mkubwa nimwombe Baba asimuuze straika yule. Ijumaa iliyofuata nikasimama katikati ya sebule nikafikisha ombi. Wanaume wale walicheka mpaka Anko Simiyu akashika ukuta. Lakini Baba alijikaza, akakunja uso wa kazi, akasema, "Mwambie Rayan tumesikia. Atabaki." Na kweli straika yule akabaki! Dirisha likafungwa yuko palepale. Shuleni nilivimba kichwa nisiweze kukaa na mtu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa na Mama yuko kazini, Baba alinichukua siku moja kwenda naye ofisini kwao, kule eneo la viwanda. Aliniambia ni shughuli ya dakika tano. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha, anakwenda kusaini mwingine. Mimi nilisikia neno mkataba nikachangamka. Nikajua leo nitaona mambo makubwa, maana nyumbani neno hilo lilichukua mchana mzima na chupa mbili za chai.

Meneja alikuwa na simu sikioni. Hakututazama. Baba alisimama mbele ya meza, kofia ya kazi mkononi, na nikamwona akifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya: alikuwa amekunja mabega, kana kwamba anajaribu kuchukua nafasi ndogo. Meneja, huku anaendelea kuongea na mtu wa simuni, akasukuma karatasi mezani, akaonyesha kwa kalamu: hapa, hapa na hapa. Kisha akapiga vidole viwili mezani mara mbili, yalla yalla, fanya haraka.

Baba akatoa kalamu mfukoni.

"Baba," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu yote, "si ulisema mchezaji mwenye akili hasaini haraka?"

Kalamu ikasimama. Meneja akaweka simu begani, akauliza kwa Kiingereza mtoto anasema nini. Baba alinitazama. Nimeyakumbuka macho yale miaka mingi, na naapa hayakuwa macho ya hasira, angalau si wakati ule. Akamgeukia meneja.

"Anasema nisome kwanza."

Meneja akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayecheka kitu kidogo. "Usome nini? Ni ile ile ya mwaka ule."

"Ndiyo," Baba akasema. "Hata ile sikusoma." Akakunja karatasi, akazitia ndani ya kofia, akanishika mkono. "Nitaisoma nyumbani, sir."

Kwenye pikapu ya kampuni ndipo hasira ilipokuja. Aliniambia nisithubutu tena kumsemesha vile mbele ya watu. Aliniambia kuna mambo ya nyumbani na mambo ya ofisini, na mtoto mwenye adabu anajua tofauti. Nililia kimyakimya mpaka mzunguko wa pili wa barabara. Lakini sikulia kwa sababu ya kukaripiwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Hakuna mchezaji hata mmoja ambaye Baba aliwahi kumuuza. Straika wa Rayan alibaki kwa mambo yake mwenyewe. Watu watatu wale pale sebuleni hawakuwa wanaamua chochote, hata kitanda cha Anko Simiyu hawakukiamua wao. Nilimwonea Baba aibu, na mara hiyohiyo nikajionea aibu mwenyewe, nikapandwa na ghadhabu juu ya yule mtu wa kupiga vidole mezani. Ghadhabu hiyo haijanitoka na sina mpango wa kuitoa.

Ijumaa ile karatasi ziliwekwa mezani pa samaki. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, watu wale wakamjadili mmoja wao.

"Saini," Anko Simiyu akasema mapema. "Mzee, una miaka arobaini na tatu. Kwa mpira wewe ungekuwa kocha. Umri huo wanakuongeza mwaka mmoja mmoja, unashukuru."

"Asisaini," Anko Kato akasema. "Sheria imebadilika. Zamani ulikuwa huendi popote bila barua ya kukuachilia. Sasa ukimaliza mkataba wako, unaenda kwa mwajiri mwingine. Mchezaji huru, si ndio mnavyoimba hapa kila wiki? Na ile shule ya Al Wakrah inatafuta mtu wa viyoyozi. Mimi huwapeleka walimu wao, nimesikia kwa masikio yangu."

"Kusikia si barua, Kato. Na wasipomchukua? Familia nzima iko juu ya hicho kibali. Hapo hakuna benchi ya kukalia. Ni ndege."

Baba aliinamisha kichwa. Yeye, wa kidole cha shahada! Alikuwa akikwaruza meza kwa ukucha.

Ndipo Mama alipotoka jikoni na kitambaa begani. Mama hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa akiwaita wote watatu "wakurugenzi" na kuendelea na kazi zake.

"Wakurugenzi, naomba kuuliza. Mnajua bei ya kila kijana anayekimbia kule Uingereza. Mnajua magoti yao, mnajua mpaka wake zao. Huyu hapa mmewahi kumpa bei?"

Akajifuta mikono kwa kile kitambaa.

"Mwezi wa nane mwaka jana nani alipanda juu ya paa la lile jengo la ghorofa ishirini, wale vijana wawili walipozirai kwa joto? Nani alimfundisha yule Mnepali kazi mpaka leo naye ni fundi? Anafanya kazi ya msimamizi na ya mhandisi aliyeondoka, kwa mshahara uleule tangu Nafula huyu hapa anavaa nepi. Tiketi ya likizo mwaka wa pili hawajatoa. Na mkataba huu nimeusoma mimi, Baba Nafula, wewe hukuusoma. Wameandika utafanya kazi yoyote meneja atakayoona inafaa. Yoyote! Mchezaji gani husaini kitu kama hicho? Golikipa?"

Anko Kato akaanza kucheka, akajizuia. Baba aliinua kichwa. Alimtazama Mama, kisha akaomba kalamu yangu ya shule. Nyuma ya karatasi ileile akaandika masharti yake: cheo cha kazi anayoifanya kweli, nyongeza, tiketi za likizo, na lile neno "yoyote" litoke. Simiyu na Kato walimsimamia mmoja kila upande, wakibishana juu ya kila mstari. Wakasahau kabisa kwamba siku ile ile timu ya Baba ilikuwa imepata beki mpya.

Jumapili akayapeleka. Sikuwepo, lakini Baba mwenyewe alitusimulia akiwa amesimama mlangoni, hata buti hajavua. Meneja alisoma mstari wa kwanza tu, akamwambia watu kama yeye wako mia uwanja wa ndege wanasubiri nafasi.

"Nawe ukasemaje?" Mama akauliza.

"Nilimwambia nitamalizia siku zangu."

Alizimalizia. Wiki sita alitoka alfajiri na kurudi jioni, hakukosa hata siku moja, na kazi aliifanya vilevile, tena nadhani aliifanya vizuri zaidi, kwa ukaidi. Shule ya Al Wakrah walimwita, wakampenda, wakamwambia angoje barua. Tulingoja. Mama aliacha kununua vitu vya kilo, akawa ananunua vya nusu. Kila simu ya Baba ikilia mimi niliacha kupumua. Nilijua sasa kinachosubiriwa ni nini: barua ikija tunabaki, isipokuja tunaondoka, mimi naiacha shule yangu na Rayan na kitanda changu cha chini ya dirisha. Usiniambie mtoto haelewi. Nilielewa kila kitu, na bado usiku niliomba Mungu asimruhusu Baba asaini.

Barua haikuja. Shule walimchukua mtu mwingine, ambaye mwajiri wake alikuwa ameshamaliza karatasi zake zote. Walimpigia Baba kumwomba radhi, kwa adabu nyingi.

Habari hizo zilimfikia meneja, sijui kwa njia gani. Akamwita. Akamwambia nafasi yake bado ipo, ila sasa si ya msimamizi. Ni ya fundi wa kawaida, na mshahara wa fundi wa kawaida, na kwa sababu Baba ni mtu mzuri atamsahaulia yale aliyoandika nyuma ya karatasi. Mkataba ulikuwa tayari. Pamoja nao akampa fomu nyingine, ya kuondoka kazini. Moja kati ya hizo mbili airudishe Jumapili.

Kwa hiyo ikaja Ijumaa ya mwisho. Karatasi mbili mezani, samaki hakuliwa. Anko Simiyu, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu nimjue, aliongea polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Mzee wangu, saini huo wa ufundi. Meza hiyo, unyamaze mwaka mmoja, utafute kwingine ukiwa ndani. Mtoto yuko shule. Hata mimi wamenishusha mara mbili na bado nipo."

"Najua uko, Simiyu," Baba akasema. "Na sikulaumu hata kidogo." Akageuka. "Mama Nafula, unasemaje?"

Mama alikuwa akinisuka nywele. Vidole vyake havikusimama.

"Masanduku yako juu ya kabati. Mimi siyafikii. Yashushe."

Nilihisi machozi ya Mama yakidondoka utosini, mawili matatu. Alikuwa analia na bado alimaanisha kila neno. Shangazi yangu, huwa unaisahau sehemu hii ukisimulia. Hapakuwa na mtoto aliyeamua. Walikuwa watu wazima wawili, wenye akili timamu, sebuleni kwao.

Baba akavuta ile fomu ya kuondoka, akaanza kuijaza. Jina, namba ya kitambulisho, tarehe. Akafika penye mstari mrefu uliouliza sababu ya kuondoka. Hapo Anko Kato akamshika mkono.

"Andika matatizo ya kifamilia."

"Hapo kila mtu huandika hivyo," Anko Simiyu akaongeza. "Huwa hawaulizi zaidi, na malipo yako ya mwisho hayakwami."

Walisema kweli. Mtu akidhulumiwa, akichoka, akilala na njaa, akishushwa cheo mbele ya vijana aliowafundisha, akiondoka Doha aliandika matatizo ya kifamilia. Nadhani kuna makabati mazima kule eneo la viwanda yenye familia zetu, zote zina matatizo, karatasi juu ya karatasi. Baba alikaa na kalamu hewani. Alimtazama Mama aliyekuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kitana. Alinitazama mimi, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama.

Kisha akaandika kwa Kiingereza, herufi kubwa, akibonyeza mpaka fomu ikatoboka kidogo. Alipomaliza akatusomea kwa Kiswahili, na kidole chake cha shahada kilikuwa juu.

"Familia yangu haina tatizo lolote. Tatizo ni mkataba wenu."

Anko Simiyu akashika kichwa. Anko Kato akasema, "Wallahi!" Baba hakumtazama yeyote kati yao. Akaandika majina yake yote matatu, moja baada ya jingine, na chini yake akasaini.